Dawa Iliyoganda Njiani

Mama Eliud alikuwa na namna yake ya kumkaribisha mtu asiyemtaka. Hakununa wala hakufunga mlango. Alikuwa akitabasamu mpaka magego yanaonekana, anakukalisha kwenye kiti kizuri, halafu anaanza kukuuliza maswali ambayo majibu yake ameshayadharau kabla hujafungua mdomo.

"Haya, Selestina, kula mama," alisema Jumamosi ile mchana, akimjazia machalari kwenye sahani. "Najua kwenu Ganako mmezoea makande, lakini ndizi nazo ni chakula."

"Asante, mama. Ndizi nakula vizuri tu."

"Vizuri. Na kazi je? Eliud ananiambia umesoma mpaka shahada ya pili. Halafu baada ya kusoma kote huko, unapika jeli."

Mezani walikuwa watu wanne. Alikuwepo Mama Eliud mwenyewe, mjane wa Kimachame aliyehamia Karatu na marehemu mumewe miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na ambaye sasa alikuwa na loji ya vyumba kumi na viwili na magari manne ya watalii. Alikuwepo Baba mdogo Thomasi, mdogo wake marehemu, mzee mpole ambaye Jumamosi iliyofuata ndiye angekwenda Ganako kupeleka barua ya posa. Alikuwepo Eliud, mtoto wa kwanza, dereva na mwongozaji wa wageni kwenye kampuni ya mama yake. Na Selestina, mchumba, aliyeitwa siku hiyo aje "aonekane". Ndivyo Mama Eliud alivyosema kwenye simu, neno ambalo watu wengine hulitumia wakienda mnadani kutazama ng'ombe.

"Si jeli ya kupaka kwenye mkate, mama," Selestina alijibu. "Ni vipande vidogo vya protini. Ukivitia kwenye maji vinashikana vyenyewe, hakuna anayevipanga, vinakuwa jeli. Tunaitengeneza iwe chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, na ndani ya kila chembe tunafunga dawa. Ukiipaka kwenye kidonda, dawa inatoka kidogokidogo kwa siku kumi."

"Inajipanga yenyewe," Mama Eliud akamwambia shemeji yake. "Umesikia, Thomasi? Jeli yenye akili. Ningepata wahudumu wa namna hiyo pale loji ningelala usingizi." Kisha akamgeukia tena Selestina. "Na kwa nini dawa isitoke yote siku moja, mambo yakaisha?"

"Ikitoka yote siku moja, kesho yake kidonda hakina kitu. Na mtu wa Olbalbal hawezi kukatiza nyika kila siku kufuata sindano. Tunataka apake mara moja, aende zake na mifugo, dawa ibaki inafanya kazi."

"Mtu, au punda?"

"Kwa sasa ni punda, mama."

"Punda." Mama Eliud alilitamka neno hilo polepole, kama anayetafuta mfupa wa samaki mdomoni. "Shahada mbili. Punda."

Eliud aliangua kicheko kidogo, kisha akakimeza alipoona mchumba wake hacheki.

Selestina alimtazama. Alikuwa mzuri Eliud, tusidanganyane. Alikuwa mrefu, shati la kaki limepigwa pasi, na macho yale ambayo miaka miwili iliyopita yalimtazama kupitia kioo cha ndani cha Land Cruiser, kutoka geti la hifadhi la Lodoare mpaka juu kwenye kingo za kreta, mpaka mgeni mmoja mzee akauliza kama dereva anaiona barabara. Selestina alikuwa amepewa lifti siku hiyo, na sanduku lake la vichupa magotini. Tangu siku hiyo macho yale yalimfanya asahau alichokuwa anasema. Hata leo, pamoja na yote aliyokuja nayo moyoni, alipomwona tu amesimama mlangoni, alijikuta anatengeneza nywele kama msichana wa kidato cha pili. Jambo hilo lilimuudhi sana.

Maana Selestina hakuja kula machalari. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na karatasi moja, na kichwani mwake kulikuwa na maneno ya mwanamke mmoja wa Kimasai.

Siku mbili kabla, Alhamisi, alikuwa amekwenda Olbalbal kutazama punda wake. Mwezi wa tano alikuwa ametibu punda kumi, wenye migongo iliyochunwa na madumu ya maji, na wote kumi walipona. Mwezi wa saba dawa ileile ilipelekwa kwa punda wengine kumi. Migongo ikaoza. Watatu walikufa. Wakubwa wa mradi kule Arusha walishaanza kuandika barua pepe zenye adabu nyingi, na Jumatatu kulikuwa na kikao cha kuufunga mradi wote, kwamba jeli ya Selestina haifai. Kazi ya miaka minne ilikuwa inakwenda na maji, na yeye hakujua amekosea wapi.

Nareyu, ndiye mwanamke huyo wa Kimasai, alimkuta njiani. Alikuwa amejitwika dumu la lita ishirini mgongoni, kamba imempita kwenye paji la uso, maana punda wake mdogo alikuwa mmoja wa wale watatu. Hakulitua dumu ili asalimiane. Aliongea hivyohivyo ameinama.

"Dawa yako ya kwanza ilimponya punda wangu mkubwa, sikatai," alisema. "Ya pili imeniulia mdogo."

"Ni dawa ileile, mama yangu."

"Uliiona ilipofika?"

"Hapana. Mwezi wa saba nilikuwa Arusha."

"Basi usiniambie ni ileile. Mimi nimeishika kwa vidole hivi. Ya kwanza ilikuwa laini kama samli. Ya pili ilikuwa na chengachenga, kama maziwa yaliyokatika. Na vile vichupa vilikuwa barafu tupu. Yule kijana wako alivianika juu ya boneti, juani, huku Wazungu wake wanapiga picha ng'ombe wetu. Nilidhani ndivyo mnavyofanya." Alimtazama Selestina kuanzia viatu mpaka nywele. "Ninyi watu wa kalamu. Afadhali mngempaka mate, mate ni bure."

Akaenda zake na dumu lake.

Selestina alibaki pale vumbini akiunganisha mambo. Kitu kimoja tu kilikuwa mwiko kwa dawa ile: isigande. Barafu inazipasua zile chembe, na zikishapasuka hazijipangi tena. Dawa yote inamwagika siku ya kwanza, siku zinazofuata kidonda kinabaki na maji machafu. Eliud, aliyeibeba dawa kwenye friji ya gari la wageni, alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Selestina alimwonyesha mwenyewe, kwa kichupa alichokigandisha makusudi, akamwekea mkononi aone.

Na kulikuwa na aibu nyingine, ya kwake peke yake. Siku ya kumkabidhi dawa, alikuwa ameweka ndani ya boksi kipima baridi, kidude kidogo kinachoandika kila saa friji imepoa kiasi gani. Eliud alikiona, akamtazama kwa yale macho. "Sele, huniamini?" Naye, msomi mzima, akakitoa akakitia mfukoni, kwa sababu mwanaume mzuri alitaka kuaminiwa. Mapenzi yakishamkalia mtu kichwani, shahada hushuka miguuni.

Kwa hiyo alikuja mezani pa Mama Eliud na nadhiri moja. Kama Eliud atasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla sahani hazijaondolewa, atamkumbatia na kosa lake na ataolewa naye. Kuharibu dawa kila mtu anaweza. Asiposema, basi.

Aliweka kijiko chini. "Eliud," alianza kwa sauti ya kawaida, "ile safari ya mwezi wa saba ya Olbalbal, mambo yalikwendaje? Sikuwahi kukuuliza vizuri."

"Safi tu, Sele. Nilifika, nikamkabidhi Supeet, yule bwana mifugo, nikaendelea na wageni Serengeti."

"Na baridi?"

"Friji ya gari si unaijua. Haina shida ile."

"Hakuna kilichoharibika njiani?"

Sasa alimtazama. Angeangalia hata pembeni, au ajikune shingo kama watu wengine wanaosema uongo. Eliud alimtazama machoni kabisa, kwa upendo, kwa macho yaleyale ya kwenye kioo cha gari, akasema, "Hakuna, mpenzi."

Kitu fulani kilipoa ndani ya Selestina. Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaiweka katikati ya meza karibu na bakuli la kachumbari.

"Hiyo nini tena?" aliuliza Mama Eliud. "Mapishi ya jeli?"

"Dawa iliganda, Eliud," Selestina alisema. "Iliganda mpaka ikawa jiwe, ukaianika juu ya boneti, ukamkabidhi Supeet ukiwa unatabasamu."

"Nani amekuambia?"

Alipolisema tu, alijua amejifunga mwenyewe. Baba mdogo Thomasi aliacha kutafuna. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Eliud haikuwa imevuka hata ile meza.

"Nijibu mimi kwanza," Selestina alisema.

Eliud alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Wageni walikuwa wanalalamika, Sele. Siku mbili mfululizo, bia ya moto, bia ya moto. Wakaandika ujumbe ofisini. Mama akanipigia simu..."

"Maliza," mama yake alimwambia. "Mama akakupigia simu akakuambia kaza baridi ya friji mpaka mwisho. Nilisema hivyo na kesho nitasema hivyohivyo. Watu wametoka Ulaya wanywe bia ya baridi wakimtazama simba. Ningewaambia nini, kwamba wavumilie, kuna punda anaumwa?"

"Mama, ulijua kuna dawa mle ndani?"

"Nilijua kuna vichupa vyako. Kwani dawa si inatakiwa baridi? Nikaongeza baridi. Nyama inaharibika kwenye friza? Hiyo dawa gani inayodeka kuliko nyama?"

Selestina alimtazama mama huyo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na ubishi naye. "Hilo mama ulikuwa hulijui. Sikulaumu wewe." Akamgeukia Eliud. "Wewe ulijua. Ulipofungua friji ukaona zimeganda, kwa nini hukunipigia?"

"Ungekasirika. Ungesema wasipakwe, Supeet alishawakusanya watu na punda wao, wametoka mbali. Nilidhani zikiyeyuka zitakuwa sawa."

"Ulidhani, au uliomba nisijue?"

Eliud alikisukuma kitambaa pembeni.

"Mwezi mzima, Eliud." Sauti ya Selestina haikupanda, ila ilikuwa imekauka. "Mwezi mzima nakupigia simu nalia. Nakuambia sijui nimekosea wapi, nimerudia hesabu zote, punda wanaoza na mimi nawatazama. Unakumbuka ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuwa nakufariji."

"Ulisema, pole mpenzi, labda dawa yenyewe bado. Labda dawa yenyewe bado, Eliud. Umeniacha niichukie kazi yangu ili mimi nisikuchukie wewe."

"Kijana alikuwa anakutuliza, unataka nini zaidi?" Mama Eliud aliingilia. "Mimi marehemu hakuwahi hata kuniuliza nimelala vipi. Na hiyo karatasi ni ya nini?"

"Jumatatu wanafunga mradi. Nimeandika ukurasa mmoja wa kilichotokea. Mstari wa kwanza ni kosa langu, kwamba nilitoa kipima baridi kwenye boksi kwa sababu mchumba wangu aliniuliza kama simwamini. Wa pili ni kosa la Eliud. Kampuni sikuitaja. Nataka saini yake tu."

Mama Eliud aliivuta karatasi kwa ncha ya kucha, akaisoma bila kuinyanyua kutoka mezani, kama inaambukiza.

"Kampuni hukuitaja. Na huyu ni dereva wa nani? Mawakala wetu wa nje wakisikia tunachanganya dawa za vidonda vya punda na vinywaji vya wageni, nani atapanda gari letu? Binti, tumekubebea mizigo yako miaka miwili mpaka Olbalbal, hatujasema neno, leo unatuletea karatasi mezani. Waliosema shukrani ya punda ni mateke walikuwa wamekuona."

"Shemeji," Thomasi alisema taratibu, "punguza."

"Nipunguze nini? Nimwambie ukweli ananishangaa. Hata sielewi Eliud aliona nini. Mabinti wamejaa Moshi na Arusha, wazuri, wa kwao, yeye akaenda kuokota anayenuka zizi."

Eliud alikuwa anatazama sahani yake. Selestina alimsubiri aseme kitu, hata nusu neno, hata "Mama."

Baba mdogo Thomasi aliinuka. Alitoka nje bila kuaga, wakamwona kupitia dirishani akipita kati ya magari mpaka kwenye ua. Pale Mama Eliud alikuwa amepanda masale mstari mzima alipohamia, miche aliyoitoa Machame, ili majirani wajue kwamba hata Karatu bado yeye ni mtu wa kihamba, shamba la ukoo la Kichaga. Mzee alichagua, akakata jani moja refu la kijani, akarudi nalo, akamwekea Eliud kiganjani.

"Mpe," alimwambia. "Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kimeshakuumbua. Hakuna kilichobaki ila hiki. Mpe kwa mikono miwili."

Selestina alilijua jani hilo. Mtu hawezi kupendana na Mchaga miaka miwili asijue isale ni nini. Kwao, aliyekosa akikuletea jani hilo, huwezi kulikataa. Ndugu waliochomana visu wamepatanishwa nalo. Ukishalipokea, kosa limezikwa, hukumbushii tena.

Eliud alisogeza kiti, akaja upande wake wa meza, akapiga goti. Alimnyooshea jani kwa mikono miwili. "Sele, nisamehe," alisema, na safari hii macho yake yalikuwa na maji, na Selestina, jamani, alitaka kukishika kile kichwa akiweke kifuani pake. Alitaka hivyo kwa mwili wake wote. Akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Haya," Mama Eliud alisema, akikunja kitambaa chake. "Limekwisha. Eliud, inuka, utachafua suruali. Nitaita watuletee matunda."

"Baba mdogo," Selestina aliuliza, "mimi si wa kwenu, nifundishe. Nikishapokea, naweza tena kumdai Eliud juu ya jambo hili?"

"Huwezi, binti yangu. Wewe na yeye limezikwa."

"Basi mimi na yeye limezikwa. Eliud, nimekusamehe, na nasema kwa moyo wangu. Lakini Nareyu hajaletewa jani, na yeye ndiye anayebeba maji mgongoni." Akaisogeza karatasi, akaweka kalamu juu yake. "Saini hapa. Halafu twende Olbalbal, mimi na wewe, sasa hivi, ukamwambie mwenyewe kwamba dawa ilikuwa nzuri na wewe ndiye uliyeigandisha. Ukifanya hivyo, Jumamosi Baba mdogo aje Ganako. Baba yangu ataleta maneno, atasema hatoi binti kwa dereva wa Wazungu, nitapambana naye mimi. Sitakukumbusha leo hata tukizeeka."

"Isale lipelekwe kwa mwenye punda," Mama Eliud alimwambia shemeji yake. "Umeona ulichofungua?"

Eliud alikuwa bado amepiga goti. Alinyoosha mkono akaishika kalamu.

Aliishika kabisa. Alitoa kifuniko. Selestina aliona kidole gumba kikikaa mahali pake, na ndani yake yule msichana wa kidato cha pili alishaanza kukimbia uwanjani na habari njema. Alikuwa ameshamvalisha suti, ameshasimama naye mbele ya padre, ameshamsamehe hata kile kicheko cha juu ya punda.

Kisha Eliud akainua macho. Hakumtazama Selestina. Alimtazama mama yake.

Matunda yalikuwa yameshaletwa; Mama Eliud alikuwa anatoa mbegu kwenye kipande cha papai kwa ncha ya kisu, na nyusi moja ilikuwa imepanda kidogo. Ilitosha. Eliud alirudisha kifuniko kwenye kalamu, akailaza mezani sambamba na karatasi, kwa uangalifu, kama mtu anayepanga vyombo kwa ajili ya wageni.

"Sele, tuliongee hili taratibu," alisema. "Jumatatu bado. Tunaweza tukaandika kwamba betri ya gari ilisumbua. Hiyo nasaini hata sasa hivi."

Selestina alimtazama mpaka akamaliza. Alimtafuta yule mwanaume wa kwenye kioo, akakuta mvulana wa miaka thelathini na miwili aliyepiga magoti vizuri. Alishangaa kwamba aliwahi kuyaogopa macho yale. Alishangaa kwamba aliwahi kukaa usiku akijiuliza kama yeye, binti wa mkulima wa Ganako, anawatosha watu hawa.

Aliinuka, akaikunja karatasi, akairudisha kwenye mkoba. Kalamu aliiacha.

"Unakwenda wapi?" Eliud alisimama naye. "Si umepokea isale? Baba mdogo, si amepokea?"

"Nimepokea. Uliomba msamaha, nikakupa, na siutengui. Lakini jani lenu linaomba msamaha, Eliud. Haliombi mke."

"Na karatasi yako utaipeleka bila saini?" Mama Eliud aliuliza bila kuinua macho kwenye papai. "Watakucheka."

"Nitapita kwa Nareyu, mama. Aliviona vichupa kwa macho yake. Ataniwekea dole gumba, na hatamtazama mtu kwanza."

Mzee Thomasi alikuwa ameinamisha kichwa. Alipozungumza alimwambia shemeji yake, lakini kila mtu alisikia. "Barua ya posa sipeleki. Nitakwenda kusema nini pale? Jani limeshafanya kazi yake."

"Mwache aende," Mama Eliud alisema. "Hawa wa Ganako wakishaonja nyumba ya tofali hurudi wenyewe. Matunda, Thomasi."

Selestina alimshukuru kwa chakula, kama alivyofundishwa kwao, akatoka. Jua la saa tisa lilikuwa linawaka juu ya vioo vya magari. Alipita katikati yake, akapita ua wa masale, akafungua geti dogo mwenyewe.

Nyuma yake alisikia mlango wa nyumba, halafu viatu vya Eliud kwenye changarawe, haraka, halafu polepole, halafu kimya. Alikuwa amesimama getini. "Selestina," aliita. Hakuita Sele. Aliita jina lote, kwa sauti ambayo ingemrudisha mtu kutoka kaburini.

Aliendelea kutembea kwenye vumbi jekundu la kwenda barabara kuu, machozi yanamshuka na hayafuti. Alimpenda bado. Alimpenda kiasi cha kujidharau, miguu inakwenda mbele na masikio yamebaki nyuma yanasubiri hatua moja tu, moja, ya mwanaume anayetoka nje ya geti la mama yake. Hatua haikuja. Alijua akigeuka atarudi, na akirudi ataolewa, na akiolewa atakaa kwenye meza ile miaka arobaini, akimsubiri mumewe amalize kumtazama mama yake ndipo amjibu. Eliud aliita mara ya pili.

Hakugeuka.